Theluji ya Kibo na Watu Waliobishana Juu Yake

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Hadi Hemingway anaipa hadithi yake jina la theluji hiyo mwaka 1936, ubishi ule ulikuwa umekwisha zamani.

Ukaja mwingine: barafu inaisha kwa nini? Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Ohio State University na wenzake walichimba nguzo sita za barafu kileleni, zenye kumbukumbu ya miaka kama 11,700. Mwaka 2002 wakatangaza kwamba kati ya 1912 na 2000 asilimia 80 hivi ya eneo la barafu ilikuwa imetoweka, na kwamba iliyobaki ingeweza kuisha kati ya 2015 na 2020. Basi, magazeti yakakomaa na tarehe. Tarehe imepita, vipande vya barafu bado vipo, na wapo wanaosema eti wanasayansi walitudanganya.

Lakini mjadala haukuishia pale. Mwaka 2004 Georg Kaser wa Innsbruck na wenzake walieleza kuwa kule juu hewa kwa kawaida ni baridi kuliko kiwango cha kuganda. Barafu nyingi haiyeyuki. Jua kali na hewa kavu huigeuza mvuke moja kwa moja, na theluji mpya haitoshi kuziba pengo. Ukame huo ulianza miaka ya 1880. Ushahidi mmojawapo? Kumbukumbu za kushuka kwa maji ya maziwa ya Afrika Mashariki. Historia ikaisaidia fizikia.

Mwaka 2005 akaja mtaalamu wa mimea, Andreas Hemp wa Bayreuth, akaelekeza macho chini ya barafu: msituni. Hali ya hewa ikikauka, moto huongezeka na kuuteketeza msitu wa juu, ule unaonasa ukungu na kuugeuza maji. Mifongo ya Wachagga hutegemea zaidi mvua na ukungu wa msitu kuliko barafu.

Hapo ndipo nasimama, ndugu msomaji. Barafu ikiisha tutapoteza kumbukumbu isiyorudi, na hilo linauma. Ila msitu ukiungua, anayekosa maji ya migomba ni mkulima. Tunapohesabu miaka iliyobakia kule kileleni, tuuhesabu na msitu pia, maana huo bado tunaweza kuuokoa.