Pumzi, Zumari na Afya ya Mapafu: Fikra kutoka Kigongo

Kwa miongo mingi, msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita hakuwa na budi kusimama Kigongo, kungoja kivuko kimvushe hadi Busisi. Tangu mwezi Juni 2025, daraja la kilomita 3 hivi limeziunganisha kingo hizo mbili, na kungoja kumekwisha. Lakini njia ile ile ingali inawapitisha watu ambao mapafu yao yamebeba mizigo mizito: mama abanikaye samaki kwa moshi wa kuni, kijana atokaye kwenye vumbi la machimbo ya dhahabu ya Geita, na mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu. Katika makala haya twataka kuuliza: je, utamaduni wetu una neno la kuwaambia watu hawa? Sisi twaamini kwamba unalo, na neno hilo ni pumzi.

Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu ni pembe, na pembe hailii pasipo kifua cha mtu. Katika upwa wetu siwa ilikuwa alama ya enzi. Siwa ya Mwinyi Mkuu wa Unguja imehifadhiwa hadi leo miongoni mwa hazina za makumbusho ya Zanzibar. Zumari nayo iliongoza ngoma kama kirumbizi, na mpigaji wake alitakiwa kuwa na ustadi wa pekee: huijaza hewa mashavuni, akaisukuma ndani ya zumari huku akivuta hewa mpya kwa pua, hata sauti isikatike. Hakuna anayezaliwa na ustadi huo; hupatikana kwa mazoezi ya muda mrefu.

Mwishoni mwa karne ya 19 ilizuka katika miji ya pwani ngoma ya beni, ambayo hata jina lake limetokana na bendi za kizungu. Vyama vyake vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, vyeo na muziki, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ngoma hiyo ilienea bara pamoja na askari na makarani. Tarumbeta zikawa pia ala za makanisa na za majeshi. Hivyo kupuliza hakukubaki kuwa sanaa ya pwani peke yake.

Usukumani mambo yalikuwa na sura nyingine kidogo. Huku ngoma na sauti ya mtu ndizo zilizotawala. Bagika na Bagalu wameshindana kwa vizazi vingi, na bugobogobo, ngoma ya majembe, imetokana na kazi ya pamoja ya shamba, ambako wimbo ulikwenda sambamba na jembe. Lakini tukitazama kwa makini tutaona kwamba mwimbaji na mpiga zumari ni ndugu: wote wawili huvuta pumzi upesi na kuitoa polepole kwa kipimo.

Sasa tuwasikilize matabibu. Mapafu yaliyoharibika kwa moshi au vumbi hushindwa kuitoa hewa yote. Hewa iliyochakaa hunaswa ndani, na mgonjwa huhema kama mtu aliyepanda mlima hali ameketi barazani. Wagonjwa wa namna hiyo hufundishwa kukaza midomo kidogo, kama apulizaye chai ya moto, na kuitoa pumzi taratibu. Kufanya hivyo huzisaidia njia za hewa zisizibe mapema. Hapana shaka msomaji ameona kwamba zoezi hilo halitofautiani sana na lile la mwanafunzi wa filimbi.

Ugenini jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka 2020 watafiti wa Dallas, Marekani, walitangaza habari za wagonjwa wachache waliojifunza kinanda cha mdomo kwa wiki 12: misuli yao ya kupumulia ilipata nguvu, na mwendo walioweza kwenda kwa dakika 6 uliongezeka. Huko Uingereza vimeundwa vikundi vya kuimba kwa ajili ya wenye mapafu dhaifu. Ushahidi huu bado ni mdogo, wala si kila jaribio lililoleta nafuu. Kwa hiyo atakayesema kwamba zumari huponya mapafu atakuwa anawadanganya wananchi. Zoezi humsaidia mgonjwa aishi vema na ugonjwa wake. Dawa ibaki dawa, na moshi upunguzwe jikoni.

Hapa kwetu haja ni kubwa. Tanzania ina historia ya kujivunia katika vita dhidi ya kifua kikuu: Kibong'oto ilianza kuwapokea wagonjwa mwaka 1926, na mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza mwaka 1977 ulikuja kuwa mfano kwa dunia. Hata hivyo, mgonjwa anayemaliza dawa huandikwa kuwa amepona, na kweli vijidudu vimekwisha. Lakini makovu ya mapafuni huweza kubaki, naye akashindwa kulima au kuvuta nyavu. Daftari limemfunga, maisha hayajamfungua. Ng'ambo ya ziwa, mjini Kampala, watu wa namna hiyo walipewa mazoezi ya mwili na mafunzo kwa wiki kadhaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliweza kutembea zaidi kuliko mwanzo.

Yatupasa pia kutoa tahadhari. Mwenye kifua kikuu ambaye hajatibiwa asiketi katika chumba cha kuimba pamoja na wengine. Chombo cha kupuliza kiwe cha mtu mmoja, nacho kisafishwe na kukaushwa. Mwaka 2016 madaktari wa Manchester walieleza habari za mpiga zumari ya mfuko aliyefariki kwa maradhi ya mapafu yaliyohusishwa na kuvu iliyoota ndani ya ala yake. Na kila mgonjwa aanze kwa idhini ya mganga wake.

Tukizingatia hayo, twaona kwamba kazi iliyo mbele yetu si ngumu. Chuo cha sanaa tunacho Bagamoyo tangu mwaka 1981. Makumbusho ya Wasukuma tunayo Bujora. Hospitali ya Bugando iko Mwanza penyewe. Kinachokosekana ni daraja kati yao. Kama taifa limeweza kuunganisha Kigongo na Busisi juu ya maji, halitashindwa kumkalisha mganga na fundi wa filimbi katika jamvi moja, ili yule mama abanikaye samaki ajifunze kuipima pumzi yake, akavuke ng'ambo kwa miguu yake mwenyewe.