Austin 7: motokari kuukuu iliyofunguliwa nyuma ya nyumba



Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliondoa mgao wa esanse ambao raia walikuwa wanapewa kwa matembezi yao. Vita ilikuwa imekwisha tangu miaka miwili, lakini nchi ilikuwa na madeni na dola zilikosekana. Mwenye motokari asiye na sababu ya kazi aliiacha tu ndani ya lupango. Kijana mmoja wa London, mwanafunzi wa ejenyere katika University College, alikuwa anafanya biashara ndogo ya motokari za okazyo katikati ya kozi moja na ingine. Kwa siku chache soko likafa. Akauza alizokuwa nazo kwa hasara, ikabaki moja ambayo hakuna mtu aliitaka: Austin 7 ya zamani. Kijana huyo aliitwa Colin Chapman. Kwa kuwa hakuweza kuiuza, aliifungua.

Wengi wetu tunajua jina Lotus kwa mashindano ya Formula 1, na tunawaza kwamba vitu vile vinazaliwa katika maabara za matajiri. Hii moja ilizaliwa katika garaji iliyofungwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams, mtaa wa Muswell Hill. Na haikuzaliwa peke yake. Katika Uingereza ya miaka ile vijana wengi sana walikuwa wanafanya kazi ileile, juu ya motokari ileile. Swali langu leo ni hilo: kwa nini ile?

Austin 7 ilitoka mwaka 1922. Herbert Austin aliichora nyumbani kwake Lickey Grange, katika chumba cha kuchezea biliadi, pamoja na mchoraji wa kampuni yake aitwaye Stanley Edge, aliyekuwa na miaka 18. Mzee alitaka kitu kidogo ambacho familia ya mfanyakazi ingeweza kununua pahali pa pikipiki yenye kigari cha pembeni. Motere yake ilikuja kuwa na sentimita za ujazo 747, silinda 4, nguvu za farasi kama 10 hivi. Mpaka 1939 zilitengenezwa karibu 290,000. Zingine zilijengwa chini ya leseni: BMW ya Ujerumani, ambayo leo kila mkubwa anaitamani, iliingia katika biashara ya motokari kwa kununua mwaka 1928 kiwanda kilichokuwa kinajenga Austin 7.

Kwa hiyo kisha vita zilijaa kila fasi, na bei yake ilikuwa chini. Shasi yake ilikuwa vyuma viwili vinavyokutana mbele sawa herufi A. Body unafungua bulo chache tu, watu wawili wanaiinua. Kijana asiye na mashine yoyote, mwenye funguo na msumeno, aliweza kuanza siku ya Jumamosi.

Lakini ilikuwa na udhaifu, na udhaifu wake ndio ulifundisha watu. Vilbreke yake, ule mti wa chuma unaozunguka chini ya pistoni, ilishikwa na beringi 2 tu, moja mbele, moja nyuma. Ukiikimbiza sana ilipinda katikati sawa kamba ambayo watoto wanaruka, na siku moja ilivunjika. Mafuta ya kulainisha yalirushwa tu kwa matundu madogo kuelekea vilbreke, yakifika yafike. Breki zilivutwa kwa nyaya. Ekseli ya mbele ilikuwa chuma kimoja kizima: gurudumu la kushoto likiingia katika shimo, la kuume linasikia. Njo maana watu walianza kukata ekseli hiyo katikati na kuitia bawaba, ili kila gurudumu litembee peke yake. Leslie Ballamy alijulikana kwa kazi hiyo tangu mbele ya vita. Ukisikiliza, ni mambo ambayo mekanisiye wa kwetu angeelewa kwa dakika tano, hata bila kujua Kiingereza.

Mwaka 1939 wapenzi wa Austin 7 walianzisha 750 Motor Club. Kisha vita klabu hiyo ilitunga mashindano ya 750 Formula, ya watu wasio na pesa: shasi ya Austin 7, motere ya Austin 7, na kanuni za kuzuia mtu asinunue ushindi. Mle ndani watu walipashana habari. Aliyevunja vilbreke aliwaambia wengine kwa nini ilivunjika. Mimi naona hiyo ndiyo iliyokuwa universite yao ya pili, na sisemi hivyo kwa kudharau ile ya kwanza.

Juu Chapman alihitaji zote mbili. Hesabu za mwisho wa masomo alianguka kwanza, akarudia, akapata diploma yake. (Wenye kurudia mwaka, mnasikia.) Katika masomo yale, na katika kikosi cha ndege cha wanafunzi ambamo alijifunza kurusha, aliona namna ndege inavyokuwa nyepesi bila kuvunjika: si kwa chuma kinene, ila kwa kugawanya mzigo katika ngozi na kuta za ndani. Basi body ya Austin yake hakuijenga kama seremala wa motokari. Alitumia mbao nyembamba za tabaka zilizobandikwa bati la aluminiyo, na kuta za ndani za kukaza shasi ile iliyokuwa inajipinda. Mwaka 1948 akaipeleka katika mashindano ya kupanda vilima vya matope. Akaiita Lotus, kwa nini, hakusema mpaka kufa.

Gari la kweli lilikuja mwaka 1951, la tatu, Mark III, alilolijenga pamoja na ndugu wawili, Michael na Nigel Allen, waliokuwa na garaji yenye vyombo bora kumpita yeye. Hapa tukae kidogo.

Silinda zote nne za Austin 7 zinataka kuvuta hewa iliyochanganyika na esanse. Lakini ndani ya bloki waliweka milango 2 tu ya kuingilia. Silinda ya 1 na ya 2 zinakula mlango mmoja, ya 3 na ya 4 mlango mwingine. Na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Fuata kwa kidole: kisha 3 inakuja 4, majirani. Kisha 2 tunarudi kwa 1, majirani tena. Maana yake kila mara silinda mbili za mlango mmoja zinavuta moja nyuma ya ingine, halafu mlango ule unalala. Na kwa kuwa supape ya kwanza haijafunga vizuri wakati ya pili inaanza kufungua, zinanyang'anyana. Ni sawa kuwapa watoto wawili chupa moja ya sikre na mrija mmoja. Hakuna anayekunywa vizuri.

Kila mtu katika klabu aliona jambo hilo. Walijaribu karbiratere kubwa zaidi, walipanua njia, walisugua ndani mpaka ikang'aa. Chapman alifanya kingine. Aliingiza kiambaza chembamba cha chuma ndani ya mlango, akaugawa mara mbili mpaka karibu na supape, akatengeneza bomba la kuingizia lililogawanywa vilevile. Kutoka milango 2 akawa na 4. Bloki ni ileile ya Austin. Kanuni zilitaka motere ya Austin, na ilikuwa ya Austin. Mwaka ule Mark III iliwaacha wengine nyuma karibu kila fasi ilipokwenda.

Klabu ikakataza kiambaza hicho.

Nimewaza sana juu ya uamuzi huo. Walioutetea walikuwa na sababu: mchezo ulikuwa wa watu wa kawaida, na kama mmoja anakimbia peke yake mbele wengine wanaenda nyumbani. Lakini kanuni zile ziliwekwa kuzuia pesa, na kiambaza kile hakikuwa pesa. Kilikuwa bati na kichwa. Ukikataza pesa unalinda maskini. Ukikataza wazo, sijui unamlinda nani. Hata hivyo Chapman hakukaa kulia. Alichojifunza ni kusoma kanuni kama mwanasheria, kutafuta ambacho hakikuandikwa, na tabia hiyo ilimfuata maisha yake yote, kwa uzuri na kwa ubaya.

Siku ya kwanza ya Januari 1952 alifungua kampuni yake, Lotus Engineering, kwa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel, katika mazizi ya zamani ya farasi nyuma ya hoteli ya baba yake, Hornsey.

Karibu na wakati huo, upande mwingine wa dunia, mtoto mwingine alikuwa anafungua Austin 7. Yake ilikuwa Ulster, ile ya mashindano, ya mwaka 1929, ambayo baba yake mwenye garaji mjini Auckland, New Zealand, aliinunua ikiwa vipande. Mtoto huyo, Bruce McLaren, alikuwa ameugua nyonga tangu miaka 9 na kulala hospitalini muda mrefu. Mguu mmoja ulibaki mfupi. Walijenga ile gari pamoja, baba na mtoto, na mwaka 1952, akiwa na miaka 15, alishinda katika daraja lake huko Muriwai. Alianza masomo ya ejenyere, akayaacha kwa ajili ya mashindano. Mwaka 1959, akiwa na miaka 22, alishinda Grand Prix ya Marekani, na mwaka 1963 akaanzisha kampuni yenye jina lake.

Sasa upande mchungu. Garaji ya nyumbani inakufundisha kwamba kitu kikivunjika utakichomelea tena Jumamosi ijayo. Ni somo zuri kwa gari linalokwenda polepole. Juni 1960, siku zilezile Wakongo walipokuwa wanahesabu kufika tarehe 30, Wabelgiji walikuwa na Grand Prix yao Spa. Katika mazoezi, gurudumu la nyuma la Lotus ya Stirling Moss lilitoka. Alivunjika miguu yote miwili. Siku ileile, katika Lotus ingine, mti wa usukani wa Mike Taylor ulikatika fasi ilipochomelewa, akatupwa katika miti. Moss alirudi kukimbia mwaka uleule. Taylor hakurudi, alishitaki Lotus mahakamani na akashinda. Wepesi ambao Chapman aliutafuta tangu bati la kwanza ulikuwa na bei, na mara mingi haikulipwa na yeye. McLaren alilipa mwenyewe: tarehe 2 Juni 1970, huko Goodwood, kipande cha nyuma cha body ya gari alilokuwa anajaribu kilitoka katika mwendo mkali, akafa, miaka 32.

Ulster yake iko bado, Woking, katika jengo kubwa la kampuni ya McLaren. Lotus ya kwanza, ile Austin ambayo soko la 1947 liliikataa, Chapman aliiuza mwaka 1950 ili apate pesa za kuendelea. Wapenzi wa Lotus wameitafuta tangu miaka mingi. Haijaonekana.