Nafaka Yenye Majina ya Wageni

Ukiyafuata mahindi kwa jina lao utafika Uhindini, na utakuwa umepotea bahari nzima, maana asili yao ni Mexico. Pilipili manga nayo haikuota Manga, yaani Arabuni. Ilichumwa Malabar, ila walioishusha pwani kwetu walikuwa watu wa Manga. Jina la chakula aghalabu humtaja mchuuzi, si shamba. Hilo nilikuwa nalo kichwani nilipoanza kuifuatilia bakwiti, nafaka ambayo Kiswahili hakijapata haja ya kuibatiza.

Punje yake ina pembe tatu, kahawia inayoelekea weusi. Ukitaka kuiviringisha kati ya vidole haiviringiki, inakaa ubavu. Tunaiita nafaka kwa sababu inasagwa na kupikwa kama nafaka, lakini si jamii ya nyasi, wala haina undugu na ngano au mpunga.

Sasa sikiliza majina. Mfaransa wa Brittany, anayeikaanga kama chapati nyembamba kwenye kikaango kipana, anaiita sarrasin, yaani ya Wasaraseni, Waislamu wa enzi za vita vya msalaba. Mwitaliano naye anasema hivyo hivyo. Mrusi, ambaye uji wake wa bakwiti ni chakula cha kila siku, anaiita grechikha, kana kwamba ni ya Wagiriki. Kwa Mcheki ni pohanka, ya wapagani. Kwa Mfini ni tattari, ya Watatari. Kila nyumba inasema mgeni huyu ametoka kwa jirani, na hakuna anayesema ni wangu. Lakini ukiyapanga majina hayo kwenye ramani, mengi yanatazama mashariki.

Alphonse de Candolle, mtaalamu wa mimea wa Geneva, alilifuata elekeo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1883 kuhusu asili ya mimea ya mashambani. Alifika mbali: Manchuria, kingo za mto Amur, hadi karibu na ziwa Baikal. Alikuwa sahihi kuhusu mashariki, akakosea kuhusu kaskazini, na jibu lake lilikaa vitabuni karibu miaka mia.

Aliyelipindua ni Ohmi Ohnishi wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Hakuuliza majina, alitafuta ndugu wa damu. Mmea wa porini unaostahili kuitwa mzazi wa bakwiti sharti uoane na ile ya shambani na kuzaa watoto wasio tasa. Aliyeshukiwa kwa muda mrefu, Fagopyrum cymosum, hakufaulu mtihani huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ohnishi alitangaza kuwa mzazi amepatikana katika mabonde ya Yunnan, kusini-magharibi mwa China: mmea mwembamba, wa punje ndogo zinazodondoka zenyewe kabla hujazivuna. Mwaka 2005 yeye na wenzake, wakilinganisha vinasaba, waliisogeza nyumba ya kwanza hadi eneo la Mito Mitatu, ambako Jinsha, Lancang na Nu inateremka sambamba kutoka nyanda za Tibet, milima ikiitenganisha.

Bakwiti ina mwiko wa ndoa, na mwiko huo ndio uliowatesa wanaoiboresha. Chukua maua ya miche miwili, uyatazame kwa karibu. La kwanza lina staili (kijiti cha kike) ndefu na stameni (vijiti vya kiume vyenye chavua) fupi; la pili kinyume chake. Chavua ya mche wa staili ndefu haizalishi mbegu kwa mwenzake wa staili ndefu, sembuse kwake mwenyewe. Ni kama ukoo usiooana ndani. Charles Darwin aliichunguza bakwiti pamoja na mimea mingine ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1877. Ilipofika 2012, kundi la Yasuo Yasui, naye wa Kyoto, lilionyesha jeni moja, S-ELF3, inayopatikana kwenye miche ya staili fupi tu. Mtafiti wa ngano huchagua mche mzuri akauacha ujizalie. Wa bakwiti hana njia hiyo: mche wake bora lazima uolewe, na nyuki ndiye mshenga, naye huleta chavua ya shamba la jirani bila kuuliza mtu.

Ipo dada yake, bakwiti ya Kitatari, isiyo na mwiko huo, inajizalia yenyewe. Tatizo lake ni uchungu. Punje zake zina rutini takriban mara mia ya zile za kawaida. Rutini ni kemikali ya manjano ambayo mwaka 1946 James Couch wa maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, karibu na Philadelphia, aliitafuta ndani ya bakwiti, kwa kuwa madaktari wa wakati huo waliitaka kwa wagonjwa wenye mishipa midogo ya damu inayopasuka kirahisi. Lakini tia maji kwenye unga wa Kitatari: kimeng'enya kilichomo kinaivunja rutini kwa dakika chache, inabaki kemikali iitwayo kwesetini, na donge linakuwa chungu.

Huko karibu na chimbuko, majina hayamsingizii mtu. Wachina wana tianqiao, tamu, na kuqiao, chungu. Wanepali nao wana mithe phapar na tite phapar, maana ni ile ile. Aliyeishi nayo aliipa jina kwa ulimi wake.

Watafiti wa Hokkaido walipopekua akiba za mbegu wakitafuta bakwiti ya Kitatari yenye kimeng'enya kidogo, waliipata katika mbegu zilizotoka Nepal. Sifa hiyo inabebwa na jeni moja fifi, na kwa kuichanganya na aina yao wakapata Manten-Kirari, ambayo rutini yake inasalia hata baada ya unga kukandwa. Mnepali akiandaliwa tambi za unga huo, atakula sahani nzima ya tite phapar akidhani ni mithe.