Miiba Iliyorudi Bustanini

Msomaji, wako watu waliopitisha reli zao mabondeni na milimani, lakini wakashindwa na mwiba. Mmoja wao alikuwa Henry Huntington, tajiri wa California. Alipokuwa akijenga reli alikutana na mpungate, na miiba yake ilimchukiza hata hakutaka kuuona tena. Lakini mtunza bustani wake, William Hertrich, alikuwa na kipande cha mteremko chenye udongo dhaifu usiokubali mmea wo wote. Mwaka 1907 akamwomba bwana wake apande hapo mimea ya jangwani, naye bwana akakubali shingo upande. Mimea ikaletwa kwa mabehewa kutoka Arizona, na leo bustani ile ya ekari 10 ina aina zaidi ya 2,000.

Wazungu waliohamia Arizona walikuwa na mawazo yale yale ya Huntington. Walitoka nchi za mvua, wakataka nyumba zao zifanane na zile walizoziacha. Saguaro, yaani ile dungusi kakati ndefu kama mnara, na yuka, jamaa ya mkonge wetu, zikang'olewa. Badala yake yakapandwa majani mabichi. Na majani yenyewe, utacheka, yalikuwa ukoka, ule ule wa Afrika tuukanyagao kila siku! Mji wa Phoenix hupata mvua ya kama sentimita 20 tu kwa mwaka, kwa hiyo mgeni huyo ilibidi anyweshwe kila mara.

Wenyeji wa jangwa, Watohono O'odham, hawakuidharau mimea yao hata kidogo. Kwao saguaro huheshimiwa kama mtu. Mwezi wa Juni huangua matunda yake kwa fito zilizotokana na saguaro iliyokufa, wakapika sharubati nzito, na kutokana nayo kinywaji cha kuitia mvua. Majani ya yuka hufumia vikapu.

Katika miaka ya 1930 Msweden mmoja, Gustaf Starck, aliona jangwa likiliwa na mji. Akasimamisha bango la kuwasihi watu waliokoe, na mshale wa kuelekeza nyumbani kwake. Waliofuata mshale ule wakaungana na wengine, na mwaka 1939 bustani ya mimea ya jangwani ikafunguliwa Phoenix.

Hata hivyo, wengi hawakugeuzwa na uzuri. Waligeuzwa na kiu. Maji ya chini ya ardhi yalivutwa kwa pampu upesi kuliko yalivyorudishwa na mvua, hata mahali pengine ardhi ikadidimia na kupasuka. Mwaka 1980 Arizona ikatunga sheria ya kuyalinda. Katika jimbo jirani la Nevada, mamlaka ya maji huwalipa wenye nyumba wang'oao majani, na mwaka 2021 ikapitishwa sheria kwamba majani ya pambo tu, kama yale ya kando ya barabara, yasinyweshwe maji ya mto Colorado kuanzia mwaka 2027.

Basi kilichotupwa kikawa cha thamani, na wezi wakatokea. Saguaro huchukua miaka 8 kufikia sentimita 3 au 4, na yapata miaka 50 hadi 70 kabla ya kutoa mkono wa kwanza. Nani angengoja? Katika hifadhi ya Saguaro, karibu na Tucson, vidude vya elektroniki vimefichwa ndani ya baadhi yake ili zikiibwa zitambulikane.

Wala usidhani kuwa mimea hiyo haiwezi kushindwa. Kati ya mwisho wa Juni na mwisho wa Julai 2023, joto la Phoenix lilifika nyuzi 43 au zaidi siku 31 mfululizo. Saguaro huvuta hewa usiku, na usiku ule haukuwa na ubaridi, baadhi zikaanguka.

Wahamishao saguaro kwa kibali huanza kwa kutia alama upande wa kusini wa shina, kwa maana huko jua hupita kusini, na ngozi ya upande huo imekwisha zoea kuchomwa. Shimo likiwa tayari, huusimamisha mmea mjini ukielekea kule kule ulikoelekea jangwani.