Karatasi ya shefu na cheti cha Leta: historia ya udongo katika Kivu

Familia nyingi zilizokimbia Masisi, Rutshuru na Nyiragongo zilibeba karatasi moja: ile ya kununua shamba ao parsele, yenye sahihi ya shefu na ya mashahidi. Kijijini karatasi hiyo inatosha. Mbele ya tribinali, mara nyingi haitoshi. Tofauti hiyo haikuletwa na vita. Ina zaidi ya miaka 130.

Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa mfalme Léopold II ulitangaza kwamba udongo usiokaliwa na watu ni wa Leta. Mashamba yaliyopumzishwa, malisho na misitu vilihesabiwa kuwa vitupu, hata pale mwami na watu wake walijua kila mpaka. Mwaka wa 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, na wazungu wakagawiwa mashamba makubwa. Udongo wa wazungu na wa miji ulipimwa na kuandikwa katika vitabu. Ule wa vijiji ulibaki chini ya desturi. Hapo njia mbili zikazaliwa.

Kisha uhuru, sheria Bakajika ya 7 Juni 1966 ilirudishia Leta udongo uliogawiwa na wakoloni. Sheria ya 20 Julai 1973 ikaenda mbali zaidi: udongo wote ni wa Leta, na raia anapewa tu haki ya kuutumia. Kuhusu udongo wa vijiji, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wenyeji. Miaka ikapita, amri hiyo haikutoka. Mashefu wakaendelea kugawa, wananchi wakaendelea kununua.

Kwa sheria hiyo, parsele inapitia ngazi kadhaa. Mtu anaomba kwenye ofisi ya udongo. Wapimaji wa kadastre wanaweka mipaka. Anapewa mkataba wa muda usiopita miaka 3 ili ajenge ao alime. Wakiona ametumia udongo, anaweza kupata haki ya kudumu na cheti cha uandikishaji. Ruhusa ya kujenga ni karatasi ingine, inaombwa kwa watu wa mipango ya mji. Kuwa na moja hakuleti ingine.

Goma ilijifunza uzito wa cheti tarehe 17 Januari 2002, wakati moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Nyumba na alama za mipaka zilifunikwa na mawe. Aliyekuwa na vipimo vyake katika vitabu vya kadastre alikuwa na pa kuanzia. Aliyekuwa na neno tu alitegemea kumbukumbu ya majirani.

Kwa mkimbizi, hatari ni wakati. Mtu mwingine akiandikisha parsele yake kwa jina lake, kisha miaka 2 ni vigumu sana kukiangusha cheti hicho mbele ya tribinali. Mara nyingi inabaki kudai malipo tu. Ndiyo maana karatasi ya shefu isitupwe: pamoja na majina ya mashahidi na ya majirani wa pande zote nne, ndiyo mwanzo wa kupinga mapema, mbele ya miaka hiyo 2 kuisha.