Nafasi ya asasi za kiraia katika usimamizi wa intaneti

Usimamizi wa intaneti ni utungaji na utumiaji wa kanuni na taratibu zinazoongoza ukuaji na matumizi ya mtandao huo. Mkutano wa Dunia kuhusu Jamii ya Habari, uliofanyika Tunis Novemba 2005, ulikubali kuwa kazi hiyo ni ya serikali, sekta binafsi na asasi za kiraia, kila upande kwa nafasi yake.

Mkutano huo ndio uliozaa Jukwaa la Usimamizi wa Intaneti, lijulikanalo kwa kifupi kama IGF, chini ya Umoja wa Mataifa. Jukwaa lilikutana kwa mara ya kwanza Athens mwaka 2006. Mwaka 2011 mwenyeji alikuwa Nairobi. Halipitishi maamuzi yenye nguvu ya kisheria, lakini asasi huweza kupendekeza mada na kuketi meza moja na mawaziri na wakuu wa makampuni.

Kwa upande wa majina ya anwani, mratibu ni shirika la ICANN, lililoundwa California mwaka 1998. Ndani yake, mashirika yasiyo ya kibiashara yana kundi lao linaloshiriki kutunga sera za majina kama .com na .org. Aidha, rasimu za sera hutangazwa ili mtu yeyote atoe maoni. Majina ya .tz na .ke husimamiwa nchini Tanzania na Kenya.

Hata hivyo, mambo yanayomgusa mwananchi moja kwa moja huamuliwa nyumbani. Januari 2021, Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi mkuu, na hakuna jukwaa la kimataifa lililoweza kuzuia hatua hiyo. Ndiyo maana uchambuzi wa miswada, ushahidi mbele ya kamati za bunge na mashauri mahakamani vina uzito mkubwa.

Mfano ni Togo, iliyozima intaneti Septemba 2017 wakati wa maandamano. Amnesty International tawi la Togo na wenzake walifungua shauri, na Juni 2020 Mahakama ya ECOWAS ikaamua kuwa hatua hiyo ilikuwa kinyume cha sheria.

Vikwazo vilivyobaki ni nauli, lugha na uhaba wa wataalamu. Asasi ndogo huvipunguza kwa kushiriki vikao kwa njia ya mtandao na kugawana kazi: mmoja sheria, mwingine ufundi.