Majina Yasiyoandikwa Chini ya Picha za Uvira

Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika katika Kongo ya leo, kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Swali lililowaleta lilikuwa moja: mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Kama ungekuwa unatoka, Ziwa Tanganyika lingeweza kuhesabiwa kuwa chanzo cha Nile. Wana watatu wa mtawala aliyeitwa Maruta waliwajibu kwamba mto unaingia, na watu waliokuwapo wakasema vivyo hivyo.

Walisema kweli. Hata hivyo, mabingwa wa jiografia huko London walibishana kwa miaka 13 zaidi, mpaka Novemba 1871, wasafiri Livingstone na Stanley walipokwenda wenyewe hadi mlango wa mto na kuyaona maji yakimwagika ziwani. Mwaka uliofuata Stanley alichapa kitabu chenye mchoro wa safari hiyo. Wageni hao wawili wanajulikana dunia nzima. Wale vijana waliotoa jibu sahihi tangu mwanzo wamebaki kuwa wana wa Maruta tu.

Kamera ilipofika kwenye mwambao huu iliendeleza mtindo uleule. Wamisionari Wapentekoste kutoka Sweden waliingia Uvira mwaka 1921, na Wasaveri, shirika la Kikatoliki la Italia, wakafuata mwaka 1958. Misheni zilipiga picha ili kuwaonyesha wafadhili wao kule Ulaya. Serikali ya Ubelgiji nayo ilikuwa na shirika lake la habari, Congopresse, ambalo wapiga picha wake walizunguka koloni lote. Mmoja wa Wakongo wa kwanza kuajiriwa humo alikuwa Joseph Makula, mwaka 1956. Sehemu kubwa ya hazina hiyo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Picha za namna hiyo kwa kawaida ziliandikwa mahali, kazi na kabila: mvuvi wa Tanganyika, mwanamke wa Kivira, wakulima wa pamba wa bonde la Ruzizi. Jina la mtu halikuulizwa.

Hata hivyo picha hizo zina thamani kubwa, kwa sababu mengi yaliyokuwapo zamani hayapo tena. Palikuwa na reli kutoka bandari ya Kalundu kupita bondeni hadi Kamanyola, ikipeleka mizigo ya meli kuelekea Bukavu. Ilifungwa zamani. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichowalisha wafanyakazi na familia zao kwa miongo kadhaa, kilisimama vita vilipofika mwaka 1996. Kijana wa Kiliba aliyezaliwa baada ya hapo anawasikia wazee wakisimulia mashamba ya miwa na zamu za kazi. Picha ndiyo inayomwonyesha kwa macho.

Masimulizi nayo huisomea picha yale ambayo kamera haiwezi kusema. Mfano ni uvuvi wa ndagala. Zamani wavuvi walitoka usiku wa giza, wakawasha moto wa kuni kwenye mtumbwi, na samaki walipoufuata mwanga waliwachota kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 zilianza kutumika karabai, na mitumbwi ikaunganishwa kwa miti ili kubeba wavu mkubwa unaoshushwa chini na kuinuliwa. Chombo hicho wakakiita katamarani. Picha isiyo na tarehe ikiwekwa mbele ya mvuvi mzee, atatazama kwanza chombo na taa, kisha atasema ni ya zama gani. Huenda akaitambua hata ghuba, kwa umbo la milima iliyo nyuma.

Ukingo wa ziwa wenyewe umehama mara nyingi. Maji yalipanda sana mwaka 1964, yakashuka, na tangu 2020 yamepanda tena hadi kuzamisha nyumba za ufukweni. Aprili 2020 mto Mulongwe nao ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba mjini Uvira. Nyumba inapoanguka, sanduku la picha za arusi, ubatizo na siku ya kwanza ya shule huenda nayo. Watu waliokimbia vita, mwaka 1964 na tena 1996, walibeba watoto na chakula kwanza.

Mwaka 1964 unaonyesha vizuri ni nani hukumbukwa. Waasi wa Simba, waliopigana na serikali ya Kongo, waliuteka mji wa Uvira mwezi Mei. Novemba 28, huko Baraka na Fizi, waliuawa Wasaveri watatu, Vittorio Faccin, Luigi Carrara na Giovanni Didonè, pamoja na padri Albert Joubert, aliyekuwa mwana wa kapteni Mfaransa na mama Mkongo. Agosti 18, 2024 wote wanne walitangazwa wenyeheri hapo hapo Uvira. Shirika lao na Kanisa lilitunza picha, barua na majina yao kwa miaka 60. Wanakijiji waliokufa katika vita hivyo hivyo hawakuwa na shirika la kuwatunzia chochote.

Mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alikuwa katika milima ya Fizi. Picha moja inayojulikana sana inamwonyesha amempakata mtoto mchanga. Dunia inamjua Che. Mtoto yule hutajwa kuwa mtoto wa Kikongo tu.

Kazi ya kuandika historia ya eneo hili ilishaanza. Mwanahistoria Jacques Depelchin aliandika tasnifu yake ya mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Stanford, juu ya historia ya eneo la Uvira kuanzia takriban 1800 hadi 1965. Ili kurudisha majina, nakala za picha za Tervuren sasa zinaweza kufika Uvira kwa simu ya mkononi, na wazee wakaulizwa kwa Kivira, Kifuliiru, Kibembe au Kiswahili: huyu ni nani, mtumbwi huu ulikuwa wa nani, kijiji hiki kilihamia wapi. Majibu yaandikwe pamoja na picha, Uvira na Tervuren pia, jina la msimuliaji likiwamo. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1964 sasa amepita 70, na ndiye wa kuulizwa kwanza.